Naomba ushauri: kulanti (maji ya kupoza injini) inatokota baada ya kuzima gari

Habari zenu wakuu. Ninapozima gari langu la cc 1500 baada ya safari ndefu, husikika mlio wa ti-ti-ti kwa chini, ambao najua ni bomba la eksozi likisinyaa linapopoa, na huo haunitishi. Kinachoninyima usingizi ni sauti ya kutokota ndani ya chupa ya kulanti, kama chungu cha maharage, iliyoanza wiki mbili zilizopita. Mshale wa joto haupandi, lakini kila asubuhi naongeza karibu kikombe kizima, ilhali chini ya gari hakuna hata tone. Fundi mmoja anasema mfuniko wa rejeta umechoka na haushikilii presha. Mwingine anashuku gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kilicho kati ya bloku ya injini na kichwa chake. Je, nipime vipi kabla sijakubali injini ifunguliwe?