MREJESHO: Niliyefukuzwa kazi kwa mdomo, Dodoma

Ndugu zangu, nimerudi kama nilivyoahidi. Mimi ndiye niliyeuliza nifanye nini baada ya bosi wa duka la vifaa vya ujenzi kuniambia "kesho usije", bila barua, baada ya miaka 4 stoo.

Aliyesisitiza nisipitishe siku 30 tangu kufukuzwa bila kupeleka malalamiko CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi) aliniokoa, Mungu ambariki. Nilikuwa nasubiri bosi apoe hasira, na siku ya 24 ndipo nikajaza fomu namba 1 ya CMA. Nakala nilimpelekea bosi kwanza, akasaini kupokea. Msikose hiyo saini, wanaiulizia.

Tulimalizana kwenye usuluhishi, kikao cha pili. Nimelipwa notisi ya siku 28, likizo ya mwaka ambayo sikwenda, na kiinua mgongo: siku 7 za mshahara kwa kila mwaka, yaani siku 28. Cheti cha utumishi ninacho pia.

Ovataimu nimekosa. Jumapili zote zile nilizoshusha saruji sikuwa nimeziandika popote, naye akakana. Imeniuma mno. Ningeweza kwenda hatua ya uamuzi, lakini kodi ya chumba Chang'ombe ilishanibana, nikasaini makubaliano. Mlioko kazini, andikeni saa zenu kwenye daftari kila siku.

Michango yangu ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ya miezi kadhaa haikupelekwa, hiyo bado nafuatilia ofisini kwao.

Asanteni sana, hasa dada aliyenielekeza kutunza SMS za mshahara. Ndizo zilizothibitisha ajira yangu.