Ajira ya Serikali, chumba cha jioni, au kliniki yangu mwenyewe? (Daktari wa akili, Unguja)

Mja wa Ng'ambo

Assalaam alaykum. Mie ni daktari bingwa wa magonjwa ya akili, nimeajiriwa Serikalini hapa Unguja. Pahala sitapataja. Mshahara unaingia, ZSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) inakatwa, na kazi naipenda. Kinachonichosha ni foleni. Siku ya kliniki mgonjwa nampa dakika saba nane: unalala? unakula? dawa unakunywa? Haya, rudi mwezi ujao. Mama aliyetoka Makunduchi alfajiri na mwanawe anastahiki zaidi ya hivyo, na mie sikusomea kuandika dawa tu.

Nina njia tatu mbele yangu. Ya mwanzo ni kubaki nilipo. Ya pili ni kubaki asubuhi, na jioni nikodi chumba kwenye kliniki ya mtu, mwenyewe achukue sehemu yake kwa kila mgonjwa. Ya tatu ni kuacha kazi moja kwa moja nikafungua kwangu, pengine Mpendae au Kilimani, peke yangu na nesi mmoja.

Moyo uko kwenye ya tatu. Mke wangu yuko kwenye ya mwanzo. Nipimieni, hasa walioacha ajira.

Mtu wa Hesabu

Waalaykum salaam, daktari. Kabla ya moyo tuweke namba, na hizi ni za kukadiria tu.

Daktari wa kawaida anaona watu thalathini kwa siku kwa sababu homa ni dakika kumi. Wewe unauza muda. Mgonjwa mpya ni saa nzima, wa marudio ni nusu saa, kwa hiyo ukijitahidi utaona sita au saba kwa siku. Tuseme kila mmoja analipa 30,000. Sita ni 180,000, na kwa siku 22 za kazi ni 3,960,000. Hapo hujatoa kodi ya nyumba, nesi, umeme, dawa za kuanzia, ZRA (mamlaka ya mapato), wala wale watakaokwambia "daktari, nitakutumia kwa simu" na simu isilie. Akikosekana mmoja kati ya wanne, umebaki na chini ya milioni tatu, na kodi ya nyumba haingoji upate: madalali wetu wanataka miezi sita mbele, wengine mwaka.

Usajili si mgumu ila una milango mingi. Biashara unaandikisha BPRA, wakala wa usajili wa biashara, kodi ZRA, leseni yako mwenyewe iko Baraza la Madaktari, jengo linakaguliwa na Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi, na ukitaka kutoa dawa hapo hapo utaonana na ZFDA, wakala wa chakula na dawa. Usilipe hata mwezi mmoja wa kodi kabla mkaguzi hajaliona jengo.

ZSSF watu wanaisahau. Leo mwajiri anachangia zaidi yako. Ukiondoka, fungu lake limekwisha. Kuna skimu ya hiari, lakini hapo fungu zima litatoka mfukoni mwako.

Chukwani Kwetu

Fungua Dar bwana. Hapa hakuna mtu wa kulipa 30,000 aambiwe ana mawazo.

Ummu Rayyan

Chukwani, wapo. Mie mmoja wao. Namuuguza kaka yangu mwaka wa kumi huu, na nilishalipa zaidi ya hiyo kwa watu ambao hata si madaktari.

Daktari, nakupa upande wa sisi tunaokaa kwenye benchi. Sitaki kiyoyozi. Nataka mtu yule yule kila nikija, nisianze kuhadithia upya tangu kaka alipokuwa skuli. Na nataka nisionekane. Nilipokuwa nampeleka kliniki ya wazi nilikuwa navaa ninja ambayo siivai siku nyengine yoyote, na bado jirani alinijua kwa mwendo. Kwa hiyo ukifungua kwako, tafuta jengo lenye shughuli nyengine pia, duka la miwani, daktari wa meno, chochote, mtu akiingia pasijulikane kafuata nini. Na kibao cha nje usiandike "akili". Andika jina lako tu, tunaokuhitaji tutakujua. Mji huu ukimwambia mtu "wa Kidongo Chekundu" umeshamtukana, na hospitali yenyewe ya akili haina kosa.

Mja wa Ng'ambo

Dada, hilo la kibao nilikuwa na msimamo kinyume. Nilitaka niandike waziwazi, maana tukijificha sisi wenyewe aibu haitaondoka.

Ummu Rayyan

Aibu yako wewe haikuzuii kuozesha dada wala haikunyimi posa. Yetu inatunyima. Andika jina.

Ami Fuoni

Mwanangu, mie si bingwa, nina zahanati ndogo niliyoianza baada ya kuacha ajira. Pesa Mtu wa Hesabu kakueleza vizuri. Mie nakwambia habari ya usiku.

Mgonjwa wangu wa presha akizidiwa saa nane za usiku, watu wake wanampeleka hospitali ya Mnazi Mmoja, asubuhi wananijulisha. Wako hatakwenda hivyo. Wamemshika watu wanne, mama analia, na namba waliyonayo ni yako. Kitanda huna. Nesi wako kalala kwao Bububu. Sindano unayo, lakini utaichoma wapi, sebuleni kwao? Na akishatulia nani atamkesha? Mwisho utampigia mwenzako wa zamu wodini, yule yule uliyemwachia foleni ulipoondoka. Je, mtakuwa mnasemezana?

Na hiyo ni fujo. Yule anayeaga kimya kimya kwa ujumbe wa WhatsApp ni mtihani mkubwa zaidi. Ukiwa umeajiriwa, ukitoka kazini kuna mwengine kaingia. Ukiwa peke yako, zamu haina mwisho. Ukienda Hija, nani anashika simu? Ukiugua wewe?

Sisemi usifungue. Kabla hujatafuta chumba, tafuta daktari mwenzako mkubaliane kwa maandishi: wewe unamshikia wake, yeye anakushikia wako. Na nunua laini ya pili. Ya nyumbani asiijue mgonjwa hata mmoja.

Nesi wa Wete

Nyote mnazungumza kama kisiwa ni kimoja. Huku Pemba wagonjwa wengi wa kliniki yetu ya akili wana kifafa, na kliniki inaendeshwa na manesi. Mama anapanda gari Micheweni na mtoto aliyeungua mkono kwa kuangukia jiko, anafuata vidonge vya bei ndogo kabisa. Huyo hana 30,000, na kwa ugonjwa wake hahitaji kuzitoa. Anachohitaji ni dawa isikatike.

Daktari, mabingwa kama wewe mnahesabika kwa vidole. Mmoja akitoka Serikalini, pengo tunalihisi mpaka huku, maana ndiye tuliyekuwa tukimpigia simu tukikwama. Najua huwezi kujitolea maisha yako yote. Nakuomba tu namba yako isizimwe kwetu.

Mfamasia wa Darajani

Nitie neno la dawa, maana ndiyo itakayokuangusha au kukusimamisha.

Haloperidoli ya kutuliza, amitriptilini ya huzuni, kabamazepini ya kifafa, hizi zinapatikana na bei haitishi. Lakini sindano ya kutuliza, ile ya kila mwezi, ukiikosa wiki mbili, mgonjwa uliyemtuliza mwaka mzima anaweza kurudi alipokuwa. Kwa hiyo usitegemee duka la jirani, weka akiba yako. Lithiamu, dawa ya hali inayopanda na kushuka, usimwanzishie mtu kama hujajua maabara gani itapima kiwango chake kwenye damu, na ipime saa 12 baada ya kidonge cha mwisho, si mgonjwa akipata nafasi. Hapa kwetu kuna na Ramadhani. Mtu anafunga, jua kali, maji hanywi mchana kutwa, kiwango kinaweza kupanda. Mikono ikianza kutetemeka nyumbani wanasema ni njaa. Klozapini nayo, ya wale ambao dawa nyengine zimeshindwa, ni kipimo cha damu kila wiki kwa miezi ya mwanzo. Mgonjwa wa kulipa mwenyewe atakuja wiki tatu, ya nne atakwambia "daktari, nimepona".

Na kama ulikuwa unahesabu vijana wa unga, yatoe mahesabu hayo. Methadoni, dawa ya kuachia unga, iko kliniki ya Serikali tangu 2015, mtu anakunywa kila siku mbele ya mhudumu, haiwezi kuwa biashara yako. Ila soba hausi zetu, nyumba za wanaoacha unga, zinahitaji daktari wa kupita mara moja kwa wiki, na hiyo ni kazi ya mkataba, yenye malipo yanayojulikana.

Mtu wa Hesabu

Hapo kwenye mkataba pana maana. Ongeza na mahoteli. Msimu wa kazi wana wafanyakazi wasiolala, na mameneja wanajua. Lakini masika wengine wanafunga, usiwategemee mwaka mzima. Na ZHSF, mfuko wa afya ulioanza 2023, uulize mapema masharti ya kuingia nao mkataba. Mgonjwa mwenye kadi hapendi kutoa taslimu, na wewe usiye na mkataba utamkosa.

Maalim wa Mkunazini

Mie nasomea watu ruqya, kisomo cha Qur'ani, na daktari kama huyu namtaka. Wanaoletwa kwangu wengine nawaona wazi si kazi yangu, ila nikiwaambia nendeni hospitali wanaona nimewatukana. Nikiwa na jina la mtu, chumba, na saa, nitawaambia "nenda kwa fulani, kisha urudi nikusomee". Hilo wanalikubali. Sharti langu moja: usimwambie mgonjwa wangu kuwa Qur'ani ni upuuzi.

Mja wa Ng'ambo

Maalim, siwezi kusema hivyo hata siku moja. Nitakuja Mkunazini baada ya Ijumaa.

Nimesoma yote na mke wangu kasoma yote, na kaegemea kwa Ami Fuoni. La tatu naliweka kando. Nachukua la pili: chumba cha jioni, siku tatu kwa wiki, wagonjwa wanne na hazidi mtu, kwa kibali cha mwajiri cha maandishi. Nimeshaona kimoja Mpendae, ghorofa ya kwanza, chini kuna muuza miwani kweli. Kibao jina tu, Ummu Rayyan umeshinda. Soba hausi nitaanza na moja. Nesi wa Wete, namba yangu ni ile ile, na nikianza nitakutumia na ya laini mpya.

Chumba sijalipia. Nangojea mtu wa kushikiana naye zamu ya simu, bingwa au hata daktari wa kawaida aliyewahi kukaa wodi ya akili. Nikikosa, silipii. Aliye tayari aniandikie faragha.

Ami Fuoni

Yupo mmoja, kastaafu, anakaa Jang'ombe na amechoka kukaa nyumbani. Nakutumia namba yake sasa hivi.