Tupeane uzoefu: hela ya serikali ya usalama barabarani ilivyopatikana (au ilivyokwama) kwenu

Wakuu, juzi nimekuta wanapaka upya zebra mbele ya shule, nikakumbuka tulivyozungushwa kuomba kile kivuko. Kila ukienda ofisini unaambiwa fungu halijatoka. Mwenye uzoefu ashushe hapa.

MamaPacha: Aisee umenitonesha kidonda. Barabara yetu ilipanuliwa, lami safi, magari yakaanza kupaa ila njia ya waenda kwa miguu hakuna, unatembea ukingoni upepo wa lori unakuvuta. Jioni moja natoka kuwachukua wanangu, lori likaovateki likaja upande wetu, nikawavuta wote wawili tukaangukia mtaroni, nanyanyua kichwa namwona mtoto wa jirani aliyekuwa mbele yetu yuko chini, kiatu chake kimebaki juu ya mstari mweupe na magari yanakikwepa tu. Alipona lakini mguu haujarudi sawa. Ndo wakaja na tepu kupima! Tulipouliza kwa nini hawakuweka njia tangu mwanzo tukajibiwa bajeti ilikuwa ya lami, hivyo vingine havimo kwenye mkataba.

Kipanga: Pole sana mama. Kwetu hivyohivyo, mpaka damu imwagike.

FundiMichoro: Pole mama. Wakuu, kazi yangu ni hizi barabara, hela inafuata andiko. Marekani sheria ya miundombinu ya 2021 ilitenga dola bilioni 5 kwa miaka 5, 2022 hadi 2026, kwenye mpango wa Safe Streets and Roads for All (mitaa na barabara salama kwa wote). Mji uliweza kuomba hela ya kuandaa mpango wa usalama, na bila mpango hukupewa ya ujenzi. Serikali kuu ilitoa hadi asilimia 80, iliyobaki mji ulijitafutia. Kwa hiyo andikeni ajali zote, wapi, saa ngapi, nani kagongwa.

MzeeWaTochi: Mtu analia mtoto kagongwa wewe unaleta ya Marekani? Mipango imejaa makabatini. Tatizo madereva, wafungiwe leseni.

FundiMichoro: Mzee wangu, dereva ni binadamu, atakosea tu. Bunge la Sweden lilipitisha Vision Zero, yaani lengo la kutokufa mtu yeyote barabarani, 1997 kwa msingi huo, wakaweka waya katikati ya barabara ili gari likihama lisikutane uso kwa uso na jingine. Na mwendo ushuke, anayegongwa kwa kilomita 30 kwa saa ana nafasi kubwa ya kupona kuliko wa 50.

MzeeWaTochi: Hiyo ya waya sawa. Ya makabati sijafuta.

Binti_Njiapanda: Mnabishana wakati WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema ajali za barabarani ndo zinaongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29. Mama Pacha, yule mtoto alilipwa fidia?

MamaPacha: Hata senti. Mwenye lori hakusimama.

Kipanga: Jengeni tuta wenyewe usiku, asubuhi wakute limekauka.

FundiMichoro: Usithubutu! Tuta lisilo na alama wala rangi, pikipiki ikilivaa gizani unazika mwingine.

Binti_Njiapanda: Sisi tulichanga tukapaka rangi, mvua ikafuta. Bora mbanane na diwani kabla bajeti haijapitishwa, ikishapita mnasubiri mwaka mzima.

MamaPacha: Fundi, naomba mfano wa hilo andiko. Majina ya waliogongwa ninayo kwenye daftari, na saa nimeandika.