Ukoo wa Mzee Kombo: masta au digrii nyingine?

Salma: Asalaam aleikum, wakubwa shikamooni. Naomba mawazo, dirisha la maombi linakaribia kufungwa na mimi bado nimeganda. Niendelee na masta ya sosholojia au nianze upya LLB, digrii ya sheria, pale Chuo Huria?

Mama Salma: Waaleikum salaam. Kwani digrii si unayo mwanangu

Shangazi Mwanahawa: Marahaba. Digrii ni khanga hiyo mpaka uwe na doti? Wenzio wanapanda wewe unashuka kukaa na watoto wa form six

Rama: Shangazi Huria wanasoma watu wana wajukuu 😂

Baba Mdogo Athumani: Salma usirudi nyuma. Masta mwaka na nusu, miwili, umemaliza, na cheo juu

Rama: Ba mdogo hapo kwenye cheo ngoja kwanza. Mimi MBA nimemaliza 2021, nikapeleka cheti kwa afisa utumishi akatoa kopi akaitia kwenye faili, mpaka leo mshahara ule ule na bodi ya mikopo wanakata 15% yao kama kawaida. Na ile chapta three ya tasnifu supavaiza alikaa nayo miezi minne ikarudi ina neno moja pembeni, FAFANUA

Shangazi Mwanahawa: Pole baba. Kwa hiyo hela ya ada tulizika

Rama: Sijasema hivyo shangazi, kuna nafasi za mashirika bila masta hawakuiti hata intavyuu. Na mtu akitaka kufundisha chuo njia ndo hiyo hiyo, ila hapo wanaangalia na GPA ya digrii ya kwanza, isipungue 3.8. Salma una ngapi?

Salma: 3.2, takwimu mwaka wa pili ilinimaliza

Rama: Basi ualimu wa chuo tuuweke pembeni

Salma: Hata siutaki. Mnajua kazi yangu ni vikundi, ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri. Juzi tuko chini ya mwembe tunahesabu marejesho, mama mmoja kimya tu, daftari kalishika juu chini, kumuuliza kumbe mume kafa hata arobaini haijafika na shemeji zake wamempa wiki mbili atoke kwenye nyumba. Ananiuliza, mwanangu hii imekaaje? Namwambia nenda kata, nenda kwa wasaidizi wa kisheria. Kila wiki napata wa hivyo, na kila wiki mimi ni wa kusema nenda kule

Mama Salma: Inna lillahi. Na watoto?

Salma: Wanne mama

Baba Mdogo Athumani: Sasa si usome masta ya sheria moja kwa moja uokoe muda

Salma: Nilidhani hivyo na mimi ba mdogo. Law School, pale wanapoandaa mawakili, wanataka LLB, bila hiyo hata uwe na masta ya sheria huwi wakili

Rama: Kazi za leseni ndo zilivyo, hata unesi, lazima usomee fani yenyewe. Walimu ndo wamewekewa mlango wa pembeni, ile PGDE, kozi ya ualimu ya mwaka mmoja kwa mwenye digrii nyingine. Ila Salma piga hesabu vizuri, una miaka 34, Huria miaka mitatu ukikaza sana, na kwa kazi yako ya kuzunguka vijijini hutakaza hivyo, halafu Law School. Na 2022 pale Law School walifanya mtihani 633 wakafaulu 26 tu, mpaka ikaundwa kamati ya Mwakyembe kuchunguza. Ada unajilipia mwenyewe

Salma: Najua, ile habari nimeisoma mara tatu. Ila 40 nitafika tu hata nisiposoma

Baba Mdogo Athumani: Hapo umenifunga mdomo

Mama Salma: Mimi sielewi hizo herufi zenu ila huyo mama wa watoto wanne mtafutie mtu kwanza

Salma: Nimeshampeleka mama, Jumatatu anaenda mahakama ya mwanzo

Shangazi Mwanahawa: Haya soma hiyo sheria. Ukimaliza uje unisomee karatasi za shamba la Muheza, tangu mjomba wako afe ziko chini ya godoro

Salma: Shangazi miaka MINGAPI hiyo??

Shangazi Mwanahawa: Tisa

Salma: Zipige picha sasa hivi unitumie, usinisubiri mimi

Shangazi Mwanahawa: Simu haina chaji