Mrejesho: zile picha za Irente, Lushoto

Wakuu nimerudi. Niliuliza kwanini picha zangu za Irente, pale ukingoni mwa mlima pa kutazamia bonde, zinatoka flati, mashamba ya mkonge kule chini Mazinde yanaonekana ukungu mtupu. Aliyesema nisubiri mvua ioshe vumbi halafu niende alasiri jua likishuka, ubarikiwe, maana vivuli ndo vinaleta kina, saa sita hata uwe na kamera ya mamilioni huambulii kitu. Nikaweka mwamba wa ukingoni kwa mbele, anga nikaipa theluthi ya juu tu. Kwenye Snapseed, ile app ya kuhariri picha, nimepandisha kontrasti (tofauti ya mwanga na giza) kidogo basi, hayo mambo ya majani kuwaka kama jezi ya Yanga siyataki. Ila aliyesema nipige kwa RAW (lile faili ghafi la picha ambalo simu haijalichakata), simu yangu haina, nafanyaje?