Mjadala: Tukiwa na makumbusho ya reli Unguja, tuweke nini ndani?

Mtoa mada: Assalaam alaykum. Kila ukizuka mjadala huu, watu huishia palepale: tuombe Bara kichwa kimoja cha treni cha zamani, kiwekwe Forodhani. Mimi napinga. Unguja ilikuwa na reli zake. Sultani wetu Sayyid Barghash alijenga yake 1879, kutoka kasri lake hadi Chukwani. Mwanzo mabehewa yalivutwa na nyumbu (wale chotara wa punda na farasi), kisha 1881 akaagiza kichwa kidogo cha mvuke kwa kampuni ya Bagnall ya Uingereza. Alipofariki 1888, vyote vikavunjwa. Ya pili ni ya Bububu, maili 7 kuanzia ubavuni mwa Ngome Kongwe, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney mwaka 1905. Abiria walikoma 1922, ikabaki kubeba mawe ya kujazia bandarini.

Sasa kichwa cha Bara ni cha reli ya upana wa mita moja. Ya Bububu ilikuwa futi 3. Mtoto wa skuli atapiga picha, ataamini babu yake alikipanda. Tuoneshe njia yenyewe: alama toka Ngome hadi Bububu, ramani, picha, na kipande cha reli kilichotandikwa kwa upana uleule.

Mpenda Vyuma: Sheikh, alama za njiani hazimtoi mtoto nyumbani. Makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, yana Garratt, vile vichwa vikubwa vya mvuke, za aina iliyoitwa daraja la 59, kila moja tani 252 hivi. Watu husimama chini yake wakanyamaza. Kibandikeni kibao kwamba kimetoka Bara, basi!

Fundi wa Mtoni: Tani 252, na gati letu hili! Haya, kimefika. Nani atakitunza? Nairobi iko mbali na bahari, huku chumvi inakula mpaka bawaba za mlango. Boila, lile tangi la kuchemshia maji, isipokaushwa ndani, inaoza huku nje inang'aa rangi. Na vitambaa vya kuzuia joto vya boila za zamani mara nyingi ni asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, si kitu cha kubanduliwa na kijana mwenye bisibisi. Beit al-Ajaib, ambalo ni jengo letu wenyewe, liliporomoka sehemu Desemba 2020 likiwa kwenye matengenezo. Tuanze na paa na fundi wa kudumu.

Mpemba Halisi: Kwetu haikufika hata nyumbu ya Barghash. Fedha zikibaki, makumbusho ya Chake Chake nayo yanahitaji mkono.

Mpenda Vyuma: Basi chongeni mfano wa kile kidogo cha Barghash, ukubwa wake kamili. Mafundi wa milango tunao.

Mtoa mada: Hapo nakubali, kwa sharti kuwe na maandishi makubwa kwamba ni mfano. Na uwekwe Chukwani ulikokuwa unakwenda. Forodhani pameshajaa.

Mpenda Vyuma: Chukwani nani atakwenda?