Tupeane uzoefu: kushuka korongo la Ol Njorowa na kulala kwenye mahema Hell's Gate

Mteremko
Wakuu, heshima kwenu. Kundi la marafiki likipanga kushuka korongo la Ol Njorowa, Hifadhi ya Hell's Gate kule Naivasha, kisha walale humohumo hifadhini, maswali huwa yaleyale: kamba gani, maji kiasi gani, hema lipigwe wapi. Tuyakusanye hapa, kila mwenye ujuzi aongeze. Naanza na maji ya mafuriko kwa sababu ndiyo yanayoua.

Aprili 2012, na tena Septemba 2019, mafuriko ya ghafla yalichukua roho za watu waliokuwa matembezini ndani ya korongo hili. Itazameni hiyo Septemba. Haimo kwenye masika (Machi hadi Mei) wala kwenye vuli (Oktoba hadi Desemba), kwa hiyo kalenda peke yake haimlindi mtu. Korongo hupokea maji ya nchi ya juu. Mvua kubwa ikipiga huko, udongo wa majivu ya volkano hauwahi kuyanywa, yote yanateremka na kubanwa kwenye njia ambayo mahali pengine ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Wewe uko juani, mvua imenyesha mbali.

Basi swali la kumuuliza askari wa KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) langoni ni hili: "Huko juu kumenyesha jana au usiku?" Akisema sehemu fulani imefungwa, msimbembeleze, wala msitafute kijana wa kuwapitisha pembeni. Ingieni saa 2 asubuhi, muwe mmetoka kabla ya saa 6 mchana, maana mawingu hujikusanya alasiri.

Mkiwa ndani, tazameni kuta. Vijiti na nyasi zilizokwama kwenye nyufa juu ya vichwa vyenu ndizo kipimo cha maji yaliyopita. Kila mnapopita pahali pa kupandia juu kukwepa maji, mwongozaji apaonyeshe kwa mkono na wa nyuma kabisa aitikie kwamba amepaona. Maji yaliyokuwa mang'avu yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, au vikija vijiti na povu, au mngurumo usiokatika, acheni mabegi mpande upande ulio karibu mpaka muipite ile alama ya vijiti. Kukimbia kufuata mkondo ni kosa, maji yatakupata.

KambaMbili
Nimekuelewa mkuu, niongeze ya kamba. Sehemu kubwa ya Ol Njorowa ni kutembea na kushika mwamba, ila vipo vishuko vifupi vyenye utelezi. Bebeni kamba ya mita 20, unene wa mm 10, isiyovutika. Ile ya wapanda miamba inavutika. Mtu akiining'inia inapanda na kushuka, na kila mara inajisugua ukingoni.

Kuta nyingi humo ni majivu yaliyoshikana, ukiparua kwa kucha yanatoka unga. Msigongomee chuma, na msiamini utepe (mkanda imara wa kufungia kamba) mliokuta umefungwa na wengine. Zungusheni utepe wenu kwenye jiwe kubwa lililokaa imara, mfunge kwa fundo la maji (fundo la kuunganisha ncha mbili za utepe), ncha zibaki sentimita 8 au zaidi. Fundo hili hujilegeza kidogokidogo kila uzito unapoingia na kutoka, kwa hiyo likaguliwe baada ya kila mtu. Kabla ya wa kwanza kushuka, watu watatu wavute kwa pamoja.

Wanaotumia nane ya chuma (kifaa cha kushukia kamba chenye umbo la 8), jihadharini na kosa hili: ukilegeza kamba wakati wa kuvuka ukingo, mzunguko wake huteleza juu ya pete kubwa na kujikaba. Hapo hupandi wala hushuki. Dawa ni kuikaza kamba muda wote ukingoni, na kuwa na kitanzi cha kamba ya mm 6 kiunoni. Unakizungusha mara tatu kwenye kamba kuu, unakanyaga humo kama ngazi, uzito unatoka kwenye nane, unaifungua. Zoezi hili lifanyieni nyumbani kwenye mti, mita moja tu kutoka chini.

Moshi wa Kambi
Nami niongeze ya kulala. Kambi za hifadhini za Ol Dubai na Naiberta ziko juu, na huko ndiko pa kulala, kamwe si kwenye mchanga laini wa chini ya korongo. Kabla ya kutandika, vaa glavu upapase ardhi yote. Hell's Gate imejaa kioo cha volkano, vipande vyeusi vinavyong'aa vyenye makali ya wembe. Kimoja tu kinatoboa sakafu ya hema. Turubai la chini liwe dogo kuliko hema kwa upana wa kiganja kila upande, vinginevyo linakinga mvua na kuiingiza chini yenu. Vigingi havishiki kwenye majivu, kwa hiyo fungeni kamba za hema kwenye mawe.

Maji: lita 5 kwa mtu kwa siku. Watu 10, siku 2, ni madumu matano ya lita 20. Naivasha iko juu ya mita 1,800, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, na maharage makavu yatawamalizia gesi. Githeri ichemkie nyumbani, huku ni kukaanga tu. Unga wa kilo 2 unatosha watu 10 mlo mmoja. Chakula kilale garini, maana tumbili anaijua zipu. Jiko lisiingie hemani hata kuwe na baridi vipi, hewa yake inaua mtu usingizini.

Mteremko
Ahsanteni. Jambo dogo ndani ya korongo: baadhi ya chemchemi zinazotiririka ukutani zinaunguza. Peleka mgongo wa mkono karibu kwanza kabla ya kushika.

KambaMbili
Na mkirudi, kamba ioshwe kwa maji matupu kwenye beseni, bila sabuni, ianikwe kivulini. Ikikauka ipitishe yote kati ya vidole, taratibu. Mahali utakapohisi palainika au pamebonyea, kata hapohapo.